Kondoo wa Wageni: Ndugu Wawili wa Pemba kwa Wafugaji wa Mongolia

## Kisa na waliomo

Vijana ninaowafundisha kupokea wageni majumbani, Unguja na Pemba, huja na lalamiko lilelile: mgeni kapikiwa, kaketi mkekani, sinia limeshawekwa, ndipo anaposema hiki sili na kile sigusi. Kisa hiki huwapa ili walione jambo hilo kutoka upande wa pili. Humu Wazanzibari ndio wageni, na mwenyeji ni familia ya wafugaji wa kuhamahama katika nyika ya Mongolia.

Waliosafiri ni ndugu wawili, wazaliwa wa Pemba. Dada ni mwalimu wa skuli ya sekondari; nitamwita Mwalimu. Mdogo wake wa kiume alikuwa akisoma China, na ndiye aliyetoa wazo la kuvuka mpaka kwenda Mongolia wakati wa likizo, kiangazi cha 2024. Wote wawili wamenisimulia, kila mmoja peke yake, na hawakubaliani katika kila jambo. Mkalimani wao, msichana wa Kimongolia anayesoma chuo katika mji mkuu, Ulaanbaatar, alijibu maswali yangu kwa maandishi. Majina, skuli, mkoa walikofikia na wakala aliyewapangia safari nimeviondoa.

## Usuli

Mongolia ina eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 1.56 na watu kiasi cha milioni 3.5, karibu nusu yao wakiwa Ulaanbaatar. Waliobaki wametawanyika na mifugo yao: farasi, ng'ombe na yaki, ngamia, kondoo na mbuzi, kwa pamoja makumi ya mamilioni. Mpemba amezoea ng'ombe aliyefungwa kamba, anayehamishwa asubuhi na jioni kutoka mnazi huu hadi ule. Swali la kwanza la mdogo wake Mwalimu garini lilikuwa: hawa wote ni wa nani, na mwenyewe anawajuaje?

Mambo matatu wageni hawa hawakuyajua walipokuwa wakifunga mizigo, na karibu kila kilichotokea kilitokana nayo.

La kwanza ni majira ya baridi yaliyokuwa yamepita. Baridi ya 2023 hadi 2024 ilileta kile wanachokiita dzud: theluji nzito na barafu hufunika malisho, mnyama akawa amesimama juu ya chakula chake asikifikie. Nchi nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 7. Familia hii nayo ilipoteza sehemu kubwa ya kundi lake. Kondoo mmoja mwaka ule hakuwa kondoo wa kawaida.

La pili ni majira ya chakula. Nyama kule ni chakula cha baridi. Mwanzoni mwa majira ya baridi nyumba huchinja wanyama wa kuwatosha miezi mingi, na baridi yenyewe ndiyo friji yao. Mwezi wa Julai wanyama bado hawajanona sawasawa, joto linaharibu nyama, na maziwa yapo tele. Basi nyumba hula vyeupe: maziwa, mtindi, malai mazito, jibini, na vipande vya maziwa vilivyokaushwa juani juu ya paa, vigumu kama jiwe, viitwavyo aaruul. Mwislamu anayefika Julai katika nyumba kama hiyo anaweza kula karibu kila kilichopo bila shida. Nasema karibu; mengine yanakuja.

La tatu ni uchinjaji. Mfugaji wa Kimongolia humlaza mnyama chali, hupasua sehemu ndogo chini ya kifua, huingiza mkono na kukata mshipa mkubwa wa moyo. Damu hubaki ndani ya mwili, kisha huchotwa na kujazwa kwenye utumbo, ikapikwa. Tone halitakiwi kuanguka ardhini. Wao huona hiyo ndiyo njia ya huruma na ya heshima kwa mnyama na kwa ardhi. Kwetu, Sura ya Al-Maida aya ya 3 imeharamisha mzoga na damu, na kichinjwacho lazima koo likatwe na damu itoke. Hapa hakuna cha kukutana katikati: sharti la huyu ndilo katazo la yule.

## Ujumbe ulivyosafiri

Mwalimu hakulala. Wiki kadhaa kabla aliandika kwa wakala kwamba wao ni Waislamu, wanakula cha halali, hawali nguruwe, hawanywi pombe. Wakala akajibu kwamba hakuna tatizo. Simu iliyopigwa nyikani ilisema: wageni hawali nguruwe.

Mwenyeji alishangaa kidogo kuambiwa hivyo. Wafugaji wanaohama hawafugi nguruwe. Nguruwe si mnyama wa kuswagwa safari za mbali. Akaona wageni wepisi hawa, akaridhika. Hakuna aliyesema uongo kati ya Chake Chake na nyikani, na bado ujumbe uliofika haukuwa na kazi yoyote. Uliwakataza wenyeji kitu wasichokuwa nacho.

Zawadi walizipanga vizuri zaidi kuliko chakula. Mwalimu alibeba kanga, na karafuu kavu za shamba la kwao. Zile karafuu zitarudi.

## Siku ya kwanza

Walifika alasiri. Dereva alisimama mbali akapiga kelele ili mbwa washikwe, maana mbwa wa kule hawana mzaha. Ger, yaani hema la duara la mbao na manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa, mlango wake huelekea kusini. Ukiingia, upande wa magharibi, kushotoni kwako, ni wa wanaume na wageni. Mashariki ni wa wanawake na vyombo vya jikoni. Kaskazini, mkabala na mlango, ndipo mahali pa heshima, penye picha za wazee na sanamu za Kibuddha. Hukanyagi kizingiti. Hupiti kati ya nguzo mbili za katikati. Hutupi taka motoni wala huelekezi nyayo kwenye jiko.

Mkalimani alikuwa amewafundisha haya njiani, na mengine hayakuhitaji somo. Kupokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia kiwiko, ni tabia ambayo mtoto wa Pemba hufinywa sikio mpaka aijue. Walipewa chai ya maziwa yenye chumvi. Mdogo wake Mwalimu alidhani mtu kakosea kopo. Wakaonja aaruul, wakatoa zawadi, wakapokelewa kwa mikono miwili.

Hapo Bibi, mama yake mwenyeji, alizinusa karafuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alizijua. Tiba ya jadi ya Kimongolia, iliyotoka Tibet, hutumia karafuu katika dawa zake. Alichukua mbili akatia mdomoni, nyingine akazifunga kitambaani na kuziweka mahali pa dawa. Mwalimu ananiambia alidhani wakati ule kwamba kazi yote imekwisha, wameshakuwa watu wa nyumbani.

Mwenyeji na mwanawe wakatoka nje. Baada ya muda mdogo wake naye akatoka kunyoosha miguu, akarudi uso umembadilika.

"Dada, wanachinja."

"Basi nenda kawaambie wachinje kikwetu."

"Kuchelewa. Nimeona mkono umeshaingia kifuani."

Kwetu twasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kule kondoo ndiye hakupona.

Usiku sinia lilipokuja lilikuwa na vile vya heshima, vinavyopikwa kwanza siku ya kuchinja: maini, moyo, na utumbo uliojazwa damu. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akalitua mbele yake, akamgeukia mkalimani: mwambie tunamshukuru sana, lakini dini yetu haituruhusu nyama iliyochinjwa hivi. Mkalimani aliona sentensi ile itamvunja mwenyeji mbele ya watoto wake. Akaifupisha. Alisema: hawali nyama.

Sinia likahamishiwa kwa wenyeji. Hakuna aliyekasirika kwa sauti. Bibi alisema neno moja ambalo mkalimani hakulifasiri usiku ule. Baadaye alinieleza kwamba Bibi aliuliza kwa nini basi hawakusema kabla ya kondoo.

## Siku ya pili

Asubuhi mdogo wake Mwalimu, kwa nia njema kabisa, alitaka kusahihisha mambo. Alimtuma mkalimani aulize kama anaweza kununua kondoo amchinje mwenyewe. Jibu la mwenyeji lilikuwa la haki: "Jana hamkula nyama. Leo mnataka kondoo. Mnataka kumfanya nini?"

Ule ufupisho wa usiku ukawa umefunga mlango. Kusema kweli sasa kulimaanisha kukiri kwamba jana haikuwa kweli, na kwamba tatizo si nyama, bali mikono iliyoichinja. Mkalimani alijaribu kuzunguka, akajichanganya, mwenyeji akaanza kuhisi kwamba wageni wanamwona mchafu. Asubuhi hiyohiyo likazunguka bakuli la airag, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, yenye kilevi cha asilimia 2 hivi. Mwalimu alilipokea kwa mkono wa kulia, akalishika kidogo, akalirudisha kwa mikono miwili bila kunywa. Mdogo wake alilipungia mkono lipite, na mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Wote wawili wamekataa kitu kilekile kwa sababu ileile. Mwenyeji alimtazama mmoja tu.

Mdogo mtu alipanda kilima kilicho nyuma ya kambi, mahali pekee penye mtandao, akamwandikia ustadhi wake wa Wete swali refu lenye dharura, safari, wenyeji na moyo wa kondoo. Jibu lilikuja mchana: "Maziwa yapo? Basi kuleni maziwa."

Mwalimu ndiye aliyefungua fundo. Hakuanza kwa kueleza dini yake. Alikwenda upande wa mashariki, akaketi na Bibi, akauliza: kwa nini nyinyi hamwachi damu ianguke? Bibi akaeleza kwa urefu, na watu wakasogea kusikiliza. Alipomaliza, Mwalimu akasema kwamba kwao nako kuchinja kuna masharti: jina la Mungu hutajwa, kisu hakinolewi mbele ya mnyama, mnyama mwingine asione, na damu lazima itoke yote maana haturuhusiwi kuila. Jana, akasema, tulishindwa kula kwa sababu ya sharti hilo la mwisho, na mkalimani alitusitiri ili tusiwaudhi. Mkalimani alilazimika kufasiri sentensi inayomhusu yeye mwenyewe. Aliifasiri kama ilivyo.

Mwenyeji alikaa kimya, kisha akacheka. Masharti mawili kati ya yale hata yeye huyashika.

## Siku ya tatu: mbuzi

Jioni ile ya siku ya pili mwenyeji mwenyewe alileta pendekezo. Atatoa mbuzi, kijana amchinje kwa njia yake, lakini mbali na ger, mbali na maji, damu ikingwe kwenye beseni isiguse ardhi, na mama yake asiwepo.

Ndugu hawa walibishana usiku kucha kwa Kipemba, wenyeji wakidhani wanapiga hadithi. Mdogo mtu alisema kumkatalia mwenyeji mara ya pili ni kumtukana. Mwalimu alisema tumeshakula mtindi siku mbili, hatujafa, na nyumba hii imepoteza wanyama wengi. Mbuzi wa nini? Alikuwa na hoja nyingine: masharti ya mwenyeji hayakiuki chochote katika dini, maana kinachotakiwa ni damu itoke, haijasemwa imwagike wapi, lakini kwa wenyeji jambo lile lingebaki zito hata likifanyika kwa adabu yote.

Mdogo mtu alishinda. Alishawahi kuchinja mbuzi wakati wa Iddi, na kisu cha mwenyeji kilikuwa kikali kuliko cha kwao. Mtoto wa mwenyeji alishika beseni. Ilichukua muda mfupi. Damu walipewa mbwa.

Nyama ilipikwa kwenye sufuria iliyooshwa kwa maji ya moto mara kadhaa. Mwenyeji alikula, akasema ni kavu. Bibi hakula. Alikunywa chai yake, akawatazama wageni wakila kwa hamu, na alipoulizwa alisema tumbo halijakaa sawa.

## Ibada na unajisi, kwa ufupi na kwa urefu

Sala haikuwa na ugumu waliouogopa. Walikusudia kukaa siku tatu kamili ukitoa ya kufika na ya kuondoka, kwa hiyo kwa madhehebu yetu ya Kishafi waliweza kufupisha na kukusanya, na hilo liliwaokoa na Isha ya nchi ambayo Julai jua linazama karibu saa tatu usiku.

Kibla ndicho kilichokuwa na mtego. Sisi Zanzibar tunaelekea kaskazini, mwili umezoea. Kutoka Mongolia ya kati Makka iko magharibi, ikipinda kidogo tu kusini. Mtu akiingia ndani ya ger na kutandika msala wake kwa mazoea, kaskazini, atasujudu mbele ya sanamu za mwenye nyumba, na nyumba nzima itafahamu jambo ambalo hakulikusudia. Ukijua kwamba mlango ni kusini, ukiingia kibla kiko mkono wako wa kushoto, ukutani kwa upande wa wageni. Mwalimu alikuwa na dira kwenye simu, ndugu yake akawa anautumia mlango. Wote walipata sawa.

Udhu ulihitaji adabu ya ziada. Kwao mto hauogewi wala haunawiwi ndani. Maji huchotwa, yakamwagwa mbali. Waliteka kwa kopo wakatawadha kando. Hilo mwenyeji aliliona, na mkalimani anasema alilisifu kwa jirani yake.

Kilichomsumbua Mwalimu zaidi ni jiko. Moto wa nyikani ni wa samadi kavu ya ng'ombe; miti hakuna. Mkono ulioweka samadi motoni ndio unaokanda unga. Kwa Mshafi samadi ni najisi hata ya mnyama anayeliwa. Alikumbuka kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi, na tatizo lake lilikuwa ule mkono wenye majimaji ya unga. Badala ya kusema neno, aliomba kukanda yeye. Akasukuma chapati, akazichoma kwa samli ya pale. Watoto walizimaliza zikiwa moto, na kesho yake alfajiri aliitwa kuokota samadi na wanawake wengine, kikapu mgongoni, jambo ambalo mgeni wa kulipia kwa kawaida haitwi. Kwa kukanda mwenyewe aliepuka pia maandazi yao yanayokaangwa mara nyingi kwa mafuta ya kondoo, kitu ambacho hata hakukijua mpaka alipoziona chupa.

Aaruul ndiyo iliyobaki. Baadhi yake hutokana na maziwa yaliyochachuka ambayo kwanza yamekamuliwa pombe kwa kuchemshwa na mvuke wake kukingwa. Mwalimu aliambiwa hilo siku ya kuondoka, akiwa ameshajaza mfuko wa zawadi za wanafunzi. Aliuliza zake ni za aina gani. Ni za mtindi mtupu, akaambiwa. Ningependa kila msafiri aulize hivyo siku ya kwanza.

## Matokeo

Waliondoka kwa amani. Mwenyeji alimfunga Mwalimu kitambaa cha hariri cha buluu, ambacho kule ni heshima kubwa. Mwalimu alitaka kulipia kondoo na mbuzi. Mwenyeji alikataa fedha mkononi. Kwa ushauri wa mkalimani kiasi hicho kiliachwa kwa mke wa mwenyeji kama zawadi ya watoto, na akakipokea.

Bibi aliwaaga, akawanyunyizia maziwa nyuma ya gari kama desturi. Kama alisamehe yule mbuzi, hakuna anayejua. Mdogo mtu anasema jambo lilikwisha. Mwalimu anasema tangu siku ya mbuzi Bibi hakumpa tena kijana bakuli kwa mkono wake; lilipitia kwa mtu mwingine.

Mkalimani naye alipata lake. Wakala alimlaumu kwa kuleta mambo ya dini mezani, wakati ni wakala aliyeyapoteza njiani.

## Uchambuzi

Wanafunzi wangu wengi huona kosa ni la mkalimani. Mimi nadhani alifanya ambacho mtu yeyote mwenye haya angefanya akiwa amebebeshwa habari mbaya saa mbaya. Saa ya sinia si saa ya kufasiri fikihi, yaani sheria za dini. Hata angefasiri neno kwa neno, mwenyeji angeumia vilevile, tofauti ni kwamba asubuhi ingekuwa nyepesi. Uzito wa kosa uko nyuma zaidi, katika ujumbe uliotaja vinavyokatazwa peke yake.

Orodha ya makatazo humwacha mwenyeji gizani. Anajua asilete nini, hajui alete nini, na mwenyeji wa nyikani asiyejua alete nini atachinja, kwa sababu hicho ndicho kikubwa alichonacho. Ingetosha wageni kusema: tunapenda vyeupe, tupeni mnachokula wenyewe kiangazi. Kwa sentensi hiyo kondoo angebaki kundini, wenyeji wangejivunia maziwa yao, na uchinjaji usingezungumzwa mpaka watu wamezoeana. Halali ilikuwa imeshatandikwa ndani ya nyumba. Ukarimu ndio ulioitoa.

Hapa kwetu naliona kila msimu. Mgeni akituandikia kwamba hali samaki, hali nyama, hali ngano, jikoni watu wanashika kichwa. Akisema anapenda mboga za majani na wali wa nazi, amepikiwa kabla hajashuka kwenye boti. Ndiyo maana fomu tunayowapa wenye nyumba za kupokea wageni nimeibadilisha: swali la kwanza linauliza mgeni anakula nini nyumbani kwake asubuhi, mchana na usiku. Makatazo yanafuata chini.

Alichokifanya Mwalimu siku ya pili kilifaa kwa sababu ya mpangilio wake. Aliuliza kabla ya kueleza. Angeanza na dini yake, mwenyeji angesikia hukumu. Alipoanza na desturi yao, wenyeji wakaeleza kwa fahari, na zamu yake ilipofika alikuwa mtu anayebadilishana, mwenye masharti kama wao. Isitoshe, alimtaja mkalimani waziwazi lakini kwa kumsitiri: alitusitiri, alisema, hakusema alidanganya. Kwa watu wenye haya hiyo ni nusu ya suluhu.

Bakuli la airag linafundisha hilohilo kwa udogo wake. Kwa Mshafi kileo ni najisi na kidogo chake ni kama kingi, kwa hiyo hata kugusisha mdomo, kama wasafiri wengine wanavyoshauriwa, hakufai. Lakini kushika bakuli si kugusa kilichomo. Kupokea na kurudisha kulimtosha mwenyeji. Mkono wa kushoto uliopunga haukumtosha, na usingemtosha mtu wa Micheweni pia.

Kuhusu mbuzi, niko na Mwalimu, ingawa wanafunzi wangu wa kiume hugawanyika kila mwaka. Hoja ya kwamba mwenyeji mwenyewe ndiye aliyependekeza ina nguvu, na masharti yake yalikuwa ya busara. Ukiangalia fikihi peke yake hakuna doa. Ila mwenyeji alikuwa akirekebisha aibu ya siku ya kwanza kwa mali yake, baada ya baridi iliyommaliza. Mgeni mwerevu humwondolea mwenyeji mzigo huo. Kuna namna ya kukataa mbuzi inayoacha heshima: umeshatupa, umetulisha vyeupe, tukirudi majira ya vuli wanyama wakinona tutakula nawe. Kule vuli ndiyo saa ya mnyama aliyenona, na mwenyeji angeelewa. Halafu yupo Bibi. Sharti la mwenyeji kwamba mama asiwepo lilikuwa linasema waziwazi kwamba ndani ya nyumba ile hapakuwa na rai moja, na kijana hakulisikiliza.

Wanaomtetea kijana hunijibu kwamba angekaa mwezi angekula nini. Swali la haki. Angekaa mwezi, kuchinja kungekuwa lazima, na mazungumzo yale na Bibi yangehitaji kufanywa mpaka mwisho badala ya kumtoa nje. Siku tatu si mwezi.

Chapati hazikupangwa, na bado ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko zawadi zote. Sababu naiona katika uchumi wa nyumba ile: mikono ni michache, kazi haziishi, farasi wanakamuliwa mara kadhaa mchana, mbuzi wanafungwa vichwa kwa vichwa safu mbili na kukamuliwa kwa nyuma. Mgeni anayekaa anatazamwa. Anayeshika kitu anahesabiwa. Na Mwalimu aliutatua wasiwasi wake wa najisi bila ya yeyote kujua kwamba alikuwa na wasiwasi.

Tangu arudi, Mwalimu ameandika ujumbe mfupi ambao huwapa Wapemba wengine wanaouliza. Nimeuweka hapa kwa ruhusa yake, na shauri lake ni utafsiriwe Kimongolia na mtu mwingine asiyekuwa wakala, kisha usomwe kwa simu kwa mwenyeji mwenyewe:

"Sisi ni Waislamu. Nyumbani kwenu tungependa kula maziwa, mtindi, malai, jibini, wali na unga. Tafadhali msituchinjie mnyama. Nyama huwa tunakula ya mnyama aliyekatwa koo na Mwislamu tu, na hatutaki mpate usumbufu huo. Airag na pombe hatunywi, lakini tutapokea bakuli kwa heshima. Tungependa kusaidia kazi."

Kwa anayekwenda Bayan-Ölgii, mkoa wa magharibi kabisa, ujumbe huo haufai kama ulivyo. Wakazi wake wengi ni Wakazakhi, Waislamu, mjini Ölgii kuna msikiti, na kuwaambia wasikuchinjie kutawashangaza. Huko nyama ya farasi huliwa sana, na kwa Shafi ni halali. Cha kuulizia ni maziwa ya farasi, kwa kuwa nao huyachachusha.